Sura ya Sita: Damu Inapotaja Jina

Alianza kushindwa na sufuria. Ni sufuria ileile ya wali aliyokuwa akiiepua kila alfajiri kwa miaka kumi na kuitua kwenye meza ya biashara, lakini asubuhi hiyo haikunyanyuka. Hakusikia maumivu makali. Mikono tu ilikataa. Wiki mbili baadaye ndoo ya maji haikufika tena kichwani mpaka jirani amtwishe. Siku ya kusukwa alijaribu kuinua mkono aoneshe mahali pa kuanzia mstari, mkono ukamwangukia mapajani. Kuinuka kwenye kigoda kukawa ni mpaka ashike ukuta.

Mama lishe huyu nimemuunda kutokana na mambo yanayowapata wagonjwa wengi wa aina yake, ili tuwe na mtu mmoja wa kufuatana naye katika sura hii. Ugonjwa wake unaitwa mayositi: misuli huvimba na kuharibika kwa sababu kinga ya mwili imeugeukia mwili wenyewe. Si ugonjwa wa kila nyumba. Ila kwa sababu ni wa nadra, anayeupata huweza kuzunguka hospitali miezi mingi akitibiwa kila kitu isipokuwa kile kinachomla.

Ini lililosingiziwa

Mama yetu alipimwa malaria, hakuwa nayo. Akapimwa damu kwa upana zaidi, na karatasi ikarudi na namba mbili zilizopanda: ALT na AST. Akaambiwa ini lina shida. Akaacha mafuta, akaacha nyama, akanunua mizizi ya kusafisha ini, na misuli ikaendelea kuyeyuka.

ALT na AST ni vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia ndani ya seli. Kwa mazoea vipimo vyake huitwa vipimo vya ini, na mazoea hayo yamewapoteza wengi. Ini linavyo, ni kweli, lakini misuli nayo inavyo. Msuli ukijeruhiwa, vimeng'enya hivyo humwagika kwenye damu, na mashine ya maabara haiwezi kujua vimetoka wapi. Kutenganisha hakuhitaji makuu. Hupimwa vimeng'enya vingine viwili: CK, ambayo imejaa kwenye misuli, na GGT, ambayo hutoka kwenye ini na njia za nyongo lakini haitoki kwenye misuli. CK ikipanda sana huku GGT ikiwa ya kawaida, ini limesingiziwa.

CK nayo isomwe kwa akili. Hupanda kwa mtu aliyecheza mpira jana, aliyebeba magunia, hata aliyechomwa sindano ya msulini. Watu wenye asili ya Afrika, kwa wastani, wana CK ya juu kuliko Wazungu wakiwa wazima kabisa, hivyo kiwango cha kawaida kilichochapwa kwenye karatasi huenda kilipangwa kwa kuwapima watu wengine. Tezi ya shingo ikizembea, CK hupanda. Virusi vya UKIMWI huweza kuumiza misuli, na zidovudini, mojawapo ya dawa za kwanza kuvidhibiti, huweza kufanya hivyo pia. CK inasema msuli unaumia. Haisemi unaumizwa na nani.

Sungusungu na mwenye nyumba

Katika sura zilizotangulia tulizitazama kingamwili kama walinzi. Kila moja ni protini yenye umbo la herufi Y, na ncha zake mbili zimechongwa kushika kitu kimoja tu: kipande cha kirusi, ngozi ya bakteria, sumu ya pepopunda. Mwili hutengeneza mamilioni ya aina zake bila kujua mapema ni adui gani atakuja, kisha huziondoa zile zinazoelekea kuwashika wenyeji.

Uchujaji huo haukamiliki. Ni kama sungusungu wa mtaa wanaomkamata mwenye nyumba akifungua mlango wake usiku. Wana rungu, wana filimbi, wana nia ya kulinda, na aliyelala chini ni mwenyeji. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kingamwili za namna hii nitaziita kingamwili asi.

Zinazohusiana na mayositi zina ajabu moja. Ungetarajia zishike nyama ya msuli, zile nyuzi zinazojikunja na kujinyoosha. Nyingi hazifanyi hivyo. Hushika protini zilizofichika ndani ya karibu kila seli ya mwili, zinazofanya kazi za kila siku za kuendesha seli. Kwa baadhi yake watafiti bado wanabishana kama ndizo zinazouharibu msuli au ni moshi tu wa moto unaowaka kwingine. Hata zikiwa moshi, kila moto hapa una moshi wa rangi yake, na daktari anayezijua rangi hujua ni chumba gani kinaungua.

Herufi mbili za mgonjwa

Mwaka 1975 madaktari wawili wa Marekani, Anthony Bohan na James Peter, walichapisha vigezo vya kuutambua ugonjwa huu: udhaifu wa misuli ya mabega na nyonga, vimeng'enya vilivyopanda, umeme wa misuli usio wa kawaida, kinyama cha msuli kilichochunguzwa kwa hadubini, na vipele vya ngozi. Asiye na vipele aliitwa mwenye polimayositi, mwenye vipele aliitwa mwenye dematomayositi. Vigezo hivyo vilitumika kwa miongo, na ndani yake hamkuwa na kingamwili hata moja.

Mwaka 1980 Mitsuo Nishikai na Morris Reichlin walieleza kingamwili waliyoikuta kwa baadhi ya wagonjwa hao. Waliipa jina kwa herufi mbili zilizotoka kwenye jina la mgonjwa ambaye damu yake iliwaonesha njia: Jo-1. Hawakujua bado inashika nini. Jibu lilikuja mwaka 1983, Michael Mathews na Robert Bernstein walipoonesha kwamba Jo-1 hushika kimeng'enya kimoja mahususi na kukizuia kufanya kazi.

Ili kukielewa kimeng'enya hicho, fikiria stendi ya daladala. Seli hujenga protini kwa kuunganisha asidi za amino, ambazo ni aina 20. Kila aina husafirishwa na gari lake, molekuli ndogo ya RNA, mpaka kwenye kiwanda cha kuunganishia. Kila aina ina mpiga debe wake, kimeng'enya kinachohakikisha abiria anapanda gari sahihi, maana abiria mmoja akikosea gari, protini nzima huharibika. Jo-1 humshika mpiga debe wa asidi iitwayo histidini.

Baada yake zikapatikana kingamwili za wapiga debe wengine: PL-7, PL-12, EJ, OJ, KS. Wagonjwa wenye kundi hili walifanana kwa namna ambayo vigezo vya 1975 havikuiona. Misuli dhaifu, ndiyo, lakini pia viungo vinavyouma, homa zisizo na chanzo, vidole vinavyobadilika rangi kwenye baridi, na mapafu yanayojaa makovu polepole. Juu ya hayo, ngozi ya pembeni mwa vidole hukauka na kupasuka, na kwa sababu hiyo madaktari huiita mikono ya fundi makanika.

Kwa mama lishe anayeosha masufuria kwa jivu na sabuni ya mche, mikono hiyo haimshangazi mtu. Ameiona kwa mama yake, ameiona kwa bibi yake. Lakini ya kwake ilipasuka mwaka huuhuu, mwaka wa sufuria kugoma, na hakuna aliyemuuliza.

Safari ya vijiko viwili vya damu

Hatimaye aliulizwa. Daktari mmoja aliweka karatasi za ini pembeni, akasema, "Mama, hebu inuka kwenye kiti bila kushika kitu." Hakuweza. Daktari akatazama kope zake, vifundo vya vidole, kifua, kisha akavigeuza viganja na kuvikagua polepole. Ndipo akaagiza CK na kipimo cha kingamwili za mayositi.

"Nimeshakunywa chai, mwanangu," mama alimwambia kijana wa maabara, akiogopa kurudishwa.

"Haina shida, mama. Hiki hakihitaji kufunga."

Damu huchukuliwa kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, kwa sababu hapa kuganda kunatakiwa. Ikitulia kama nusu saa huganda, kisha huzungushwa kwa kasi kwenye mashine. Chembe nyekundu hutuama chini, juu hubaki seramu, maji ya rangi ya chai ya mchaichai. Kingamwili zote za mtu zimo humo: za surua aliyougua utotoni, za chanjo alizochomwa shuleni, na hizi asi kama anazo. Kwa bahati njema ni protini ngumu. Zinakaa siku kadhaa kwenye jokofu na muda mrefu zaidi zikigandishwa, hivyo seramu inaweza kupanda ndege kwenda maabara ya mbali na mgonjwa akabaki nyumbani kwake.

Hatua ya kwanza mara nyingi ni ANA. Seramu humwagwa juu ya seli za binadamu zilizokaushwa kwenye kioo. Kingamwili asi kama zipo hunata. Kisha huongezwa kingamwili ya mnyama inayozishika kingamwili za binadamu, ikiwa imefungwa rangi inayong'aa. Chini ya hadubini, mahali ziliponata panawaka kijani kama kimulimuli.

Seli hizo huitwa HEp-2, na zina historia inayostahili kusimuliwa. Zilipoanza kukuzwa maabara katika miaka ya 1950 zilidhaniwa zimetoka kwenye saratani ya koo. Uchunguzi wa baadaye ulionesha kwamba zilikuwa zimeingiliwa na kumezwa na seli nyingine, za HeLa, zilizochukuliwa mwaka 1951 Baltimore kutoka kwa Henrietta Lacks, mwanamke Mweusi aliyekufa mwaka huohuo kwa saratani ya mlango wa kizazi. Hakuombwa ruhusa. Seramu ya mama lishe wa Afrika Mashariki inapomwagwa kwenye kioo kile, inakutana na mwili wa mama mwingine aliyezaliwa ng'ambo ya Atlantiki, na ni kwake tunakoazima jibu. Anastahili kutajwa kwa jina lake.

Hapa kuna mtego. ANA hutafuta hasa mwanga ndani ya kiini cha seli. Wapiga debe wetu hufanya kazi nje ya kiini. Kwa hiyo mgonjwa mwenye Jo-1 anaweza kurudishiwa majibu yanayosema ANA hakuna, na daktari asiyejua akafunga faili. Ukisoma ANA hakuna kwa mtu asiyeweza kuinuka kwenye kiti, kazi haijaisha.

Hatua inayofuata ni ukanda. Ni utepe mwembamba uliopakwa mistari ya protini, kila mstari protini yake: huu Jo-1, huu Mi-2, huu MDA5. Ukanda huloweshwa kwenye seramu iliyozimuliwa, huoshwa, huwekewa kingamwili ya pili yenye kimeng'enya, kisha dawa inayobadilika rangi. Mstari ambao protini yake imeshikwa hukolea. Anayekijua kipimo cha haraka cha malaria ataelewa mara moja, ila hapa maswali zaidi ya kumi huulizwa kwa pamoja.

Kila jina na onyo lake

Karibu theluthi mbili ya wenye mayositi hukutwa na mojawapo ya kingamwili hizi, na kwa kawaida mtu huwa na moja tu. Hilo la moja tu ndilo lililowafanya watafiti wa Marekani mwaka 1991 wapendekeze wagonjwa wapangwe kwa kingamwili zao, maana waliobeba jina moja walifanana kwa dalili, kwa mwenendo wa ugonjwa na kwa matibabu. Polimayositi na dematomayositi vilikuwa vifuko viwili ambamo magonjwa mengi yalikuwa yametiwa pamoja.

Mi-2 huenda na dematomayositi ya wazi, yenye vipele vinavyoonekana na misuli dhaifu, na kwa kawaida huitikia dawa vizuri. Utafiti wa mwaka 2003 uliolinganisha wagonjwa wa nchi mbalimbali ulikuta Mi-2 ikiongezeka mahali ambapo mionzi ya jua ni mikali. Kwetu tunaoishi juu ya mstari wa Ikweta, hilo linatuhusu.

TIF1-gama kwa mtu mzima ni onyo la saratani. Kwa mtoto haina maana hiyo. Mtu mzima aliye nayo atafutwe saratani kwa bidii, ya matiti, ya ovari, ya mapafu, ya utumbo, na aendelee kufuatiliwa, kwa sababu saratani inaweza kujitokeza kabla ya misuli kudhoofika au miaka michache baadaye. NXP2 kwa watoto huenda na vipande vya chokaa vinavyojijenga chini ya ngozi.

MDA5 ndiyo inayonikosesha usingizi. Ilielezwa Japani mwaka 2005 na Shinji Sato na wenzake, na mwaka 2009 ikajulikana inashika nini: protini ambayo kazi yake ni kunusa virusi vilivyoingia kwenye seli. Mgonjwa wake anaweza kuwa na misuli mizima kabisa na CK ya kawaida. Ana vipele, labda vidonda kwenye viganja na vidole, labda kikohozi kidogo. Kisha mapafu huharibika kwa wiki chache, na wengine hawafiki mwisho wa miezi sita. Kwake majibu ya damu hayasubiriwi. Anayeshuku MDA5 hupiga picha ya kifua siku hiyohiyo na kuanza matibabu.

HMGCR ina hadithi ya dawa. Mwaka 2010 watafiti wa Johns Hopkins, Baltimore, waliwachunguza watu 26 waliokuwa na seli za misuli zinazokufa bila sababu inayojulikana. Kumi na sita kati yao walikuwa na kingamwili ambayo haijawahi kuelezwa, na katika hao 16, kumi walikuwa wametumia statini, dawa za kupunguza kolesteroli. Mwaka 2011 Andrew Mammen na wenzake waliitambua protini inayoshikwa: ni HMGCR, kimeng'enya kilekile ambacho statini huundwa kukizuia. Maumivu ya kawaida ya statini huisha ukiacha dawa. Haya hayaishi, kwa sababu kinga imeshajifunza kosa, na huhitaji dawa za kuituliza. Anayetumia statini asizitupe kwa kusoma ukurasa huu. Zinaokoa moyo wa wengi, na ugonjwa huu huwapata wachache sana. Akidhoofika mikono na mapaja, amwambie daktari wake na apimwe CK.

Mstari hafifu

Mtu akishajua kuna kipimo cha namna hii, hutamani kila anayechoka apimwe. Tufanye hesabu ya mfano. Chukua watu 1,000 wanaolalamika uchovu na maumivu ya mwili, wenye mayositi wakiwa 5. Tuseme ukanda unawakamata 3 kati ya hao 5, na unawapaka mstari kimakosa watu 2 katika kila 100 wasio na ugonjwa. Watakaopata mstari ni 23, na 20 kati yao hawana mayositi. Sasa chukua watu 100 wasioweza kuinuka kwenye kiti, wenye vipele na CK ya juu, nusu yao wakiwa na mayositi kweli. Ukanda uleule utawaonesha 30 wenye ugonjwa na mmoja tu asiye nao.

Ukanda haukubadilika. Kilichobadilika ni nani aliyepelekwa kwake. Mstari hafifu kwa mtu ambaye dalili zake hazifanani na jina hilo unastahili kurudiwa kwa njia nyingine. Na kukosa mstari hakumwondolei ugonjwa mtu ambaye misuli yake inaonekana wazi inakufa, maana theluthi moja ya wagonjwa hawana jina lolote kwenye ukanda.

Ndiyo maana kutazama kunakuja kabla ya sindano, na kwenye ngozi yetu kutazama kunataka uzoefu. Vitabu vya tiba kwa muda mrefu vilionesha dematomayositi kwenye ngozi nyeupe, ambako kope huwa za zambarau na vifundo vyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama weusi uliozidi, au kijivujivu, na kope zilizovimba husingiziwa mzio, fangasi au krimu ya kujichubua.

Viganja

Majibu ya mama yetu yalisema Jo-1, mstari mkolevu. CK ilikuwa mara kumi na tano ya kiwango. Hakuwa anakohoa. Alisema hahemi, labda kidogo akipanda ngazi, na hilo alilihesabu kuwa umri.

Kwa jina lile daktari hakuishia kwenye misuli. Alimpeleka kupigwa picha ya kifua ya CT na kupimwa nguvu ya pumzi, kwa sababu Jo-1 hupenda mapafu, na mapafu yenye makovu hayarudi yalivyokuwa. Alimwanzishia prednisoloni, dawa ya kuituliza kinga, akamweleza kwamba haiachwi ghafla hata akijisikia mzima, kisha wakapanga dawa ya pili, itakayomwezesha kupunguza ile ya kwanza baada ya muda bila ugonjwa kurudi.

Kisha akamwinamisha mbele, akamwekea kipimo cha kusikilizia mgongoni, chini kabisa ya mbavu. "Vuta pumzi, mama. Tena." Alisikia sauti ndogo kama chumvi ikianguka kwenye sufuria ya moto, mahali ambapo kwa miezi minane hakuna aliyekuwa amesikiliza.

Mama akauliza mikono yake ina nini, mbona daktari ameishika tena.

"Hii mipasuko, mama," akamjibu. "Ulidhani ni sabuni."